Kiti cha henzirani hakitaki sponji

Viti vya uvivu vya zamani bado havijaisha Tanga. Ni vile vyenye fremu nzito ya mtiki au mvule, egemeo lililolala nyuma, kikalio cha henzirani (chane za mmea mtambaazi zilizosukwa), na mikono mirefu iliyofichwa ubao wa ziada chini yake. Ukiuzungusha mbele unaupandishia miguu. Vingi vinaishia pabaya. Henzirani ikikatika, fundi anagongelea plaiwudi, anaweka sponji ya inchi tatu, anafunika kwa ngozi ya plastiki, na mwenye mali anaambiwa kiti kimekuwa kipya. Kimekufa.

Pwani ilikuwa na kiti chake kabla ya hiki. Kiti cha enzi ni kirefu mgongo, kimewambwa kwa nyuzi, na kinamkalisha mgeni wima kwa heshima zake. Hakuna anayesinzia juu yake. Kiti cha uvivu ni cha watu wa mashamba. Kilizoeleka India enzi za Waingereza, kikaenea kwenye makoloni ya joto, na Tanga, mkoa ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuletea mkonge mwaka 1893, ulikuwa na mashamba na veranda za kukitosha. Safari ya viti haikuwa ya kwenda makoloni tu. Mwaka 1933 Kaare Klint wa Denmark alibuni kiti chake cha safari kwa kufuata viti vya kukunjua vya maofisa wa Kiingereza: hakina gundi, na uzito wa anayekalia ndio unaokaza maungio.

Kila kiti cha kulalia kina sehemu inayokubali kulegea ili mwili upumzike, na ndiyo inayochakaa kwanza. Katika kile maarufu cha wabunifu wa Marekani Charles na Ray Eames, cha mwaka 1956, ni vipande vya mpira vilivyogundishwa nyuma ya plaiwudi iliyopindwa. Mpira ukikauka, egemeo huweza kung'oka. Kwenye chetu ni henzirani. Inabonyea, inapitisha upepo wa kusi, jasho linakauka. Sponji inainua makalio kiasi cha sentimita saba, mikono inakuwa chini mno, na ule ubao wa miguu haufai tena. Masika yakiingia inanyonya unyevu na kuushikilia kwenye maungio. Misumari nayo inapigwa palepale penye mstari wa matundu ya kupitishia henzirani, yaliyoachana takriban milimita 12, na fremu inapasuka kufuata mstari huo.

Kuwamba upya kunachosha, lakini hakuna uchawi. Chane zilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20; zikizidi sana zinageuka rangi na kupoteza nguvu. Mtande wa kwanza, yaani safu ya chane zilizonyooshwa, unatoka nyuma kwenda mbele, wa pili unalala juu yake kwa upana. Wa tatu unarudia njia ya kwanza, ukisogezwa kidogo pembeni. Wa nne unakwenda kwa upana na hapo ndipo kusuka kunapoanza: juu ya wa tatu, chini ya wa kwanza. Halafu zinakuja hanamu mbili, yaani chane zinazopita mshazari. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Hanamu iliyopita sawasawa inateleza kwenye kona za miraba. Iliyokosewa inang'ang'ania na kukwaruzika, na itakatikia hapohapo. Usikaze mpaka ilie, maana ikikauka inajikaza yenyewe. Mwisho unafunika matundu kwa chane pana.

Kamba ya mkonge inashawishi, hasa Tanga, kwa kuwa iko karibu. Inabeba uzito, sibishi, ila manyoya yake yanachoma na kushika nguo, na inalegea, hivyo utaikaza tena na tena.

Ubao wa miguu una shida yake: miguu inakandamiza ncha, na nguvu yote inaishia kwenye bolti moja. Tundu likiwa limepanuka, bolti nene zaidi ni kuahirisha tu. Panua tundu kwa keekee, ziba kwa kipande cha mbao ngumu chenye gundi, acha usiku kucha, kisha toboa upya. Weka washa ya brasi pande zote mbili; chuma cha kawaida kitapata kutu kwa hewa ya bahari na kuacha doa jeusi. Maungio yaliyolegea yakwanguliwe gundi kuukuu kwanza, kwani gundi mpya haishiki juu yake.

Anayenunua akipindue kwanza. Unga laini uliomwagika chini ya vitundu vidogo maana yake mdudu bado anabungua. Henzirani iliyokatika isimtishe; anayeuza akiitumia kisingizio cha kupunguza bei, achukue haraka. Ikishawambwa isipakwe vanishi upande wa chini, kwa sababu huko ndiko inakokunywa maji: kitambaa chenye unyevu mara mojamoja wakati wa kaskazi, na kiti kiachwe bila kukaliwa hadi asubuhi.