Mwambieni wa kaunta kabla ya kupandisha bango

Kampuni zetu nyingi zinapobadilika, mtu wa mwisho kuambiwa ndiye atakayeulizwa wa kwanza. Bodi imeshakaa, wanasheria wameshasaini, nembo mpya imeshachorwa na ukumbi wa hoteli umeshalipiwa. Dada wa kaunta na kijana wa mwamvuli, yule wakala wa pesa za simu mtaani, wanaipata habari jioni kwenye simu, sawa na mteja yeyote. Kesho yake asubuhi foleni imejaa, na wao ndio uhusiano wa umma wa kampuni hiyo, wapende wasipende.

Nafanya kazi ya mawasiliano, na jambo hili linaniuma. Bajeti kubwa inakwenda kwenye uzinduzi, na yule anayetazamana na mteja uso kwa uso hapewi hata karatasi moja ya maelezo.

Novemba 2024 mtandao wa simu wa Tigo wa Tanzania uligeuka kuwa Yas, na huduma yake ya pesa, Tigo Pesa, ikawa Mixx by Yas. Halikuwa badiliko la kwanza: mtandao huo ulianza kama Mobitel, ukawa Buzz, kisha Tigo. Mwaka 2022 ulinunuliwa na wawekezaji wakiongozwa na Axian, kundi lenye asili ya Madagascar, na jina jipya likaja kwa nchi kadhaa kwa pamoja. Siku zile nilikuwa Mbagala, nimesimama nyuma ya mama mmoja mwenye kitochi mkononi. Hakuuliza mwekezaji ni nani wala rangi mpya zina maana gani. Aliuliza, "Mwanangu, na hela zangu?"

Kijana wa mwamvuli akamjibu bila kusitasita: "Zipo palepale, mama. Namba yako ileile, namba ya siri ileile. Unabonyeza nyota mia hamsini, nyota sifuri moja, alama ya reli, kama siku zote. Jina tu ndilo limebadilika."

Angalia mpangilio wake. Kaanza na pesa, akaja kwenye namba, akaeleza namna ya kuingia, jina akaliweka mwisho. Taarifa nyingi kwa umma ninazozisoma zinaanza huko mwisho: jina, dira, safari mpya, shukrani kwa wadau. Mteja anasoma aya nne kabla ya kufika kwenye swali lililomleta, na mara nyingi halikuti kabisa. Kijana yule hakuwa na shahada ya uandishi wa habari, lakini alijua mtu aliyeweka akiba yake mahali anaogopa nini.

Kubadili jina, kwa kweli, ndilo badiliko jepesi kuliko yote, na bado tunalikosea. Kenya waliuona mtandao mmoja ukiitwa KenCell mwaka 2000, Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Majina manne ndani ya miaka kumi, kwa sababu kampuni ilikuwa ikinunuliwa na kuuzwa huko juu. Sisemi kwamba wapinzani wao Safaricom waliwapita kwa sababu ya kubaki na jina moja. Mtandao wa Safaricom, na huduma yao ya pesa, M-Pesa, kuanzia 2007, vilifanya kazi kubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba kila jina jipya linamlazimu mteja akufahamu upya, na mteja huyo ana mambo yake ya kufanya.

Benki ya Barclays ya Uingereza ilipoondoka Afrika ilikwenda kwa utulivu zaidi. Ilitangaza nia ya kupunguza hisa zake Machi 2016, kundi lake la Afrika likachukua jina la Absa mwaka 2018, na matawi ya Kenya na Tanzania yakafuata Februari 2020. Majina mawili yaliachwa yaonekane pamoja kwa muda, watu wakayazoea. Muda ni kitu ambacho hakuna wakala wa matangazo anayeweza kukuuzia dakika za mwisho.

Sasa tuje kwenye mabadiliko yanayotisha, ambako ukimya ndio unaoua. Mwishoni mwa Machi 2016 Chase Bank ya Kenya ilichapisha hesabu zake za 2015. Siku chache baadaye zikachapishwa hesabu nyingine za mwaka uleule, zinazotofautiana na zile za kwanza, mikopo kwa watu wa ndani ya benki ikiwa mikubwa kuliko ilivyotajwa mwanzo. Viongozi wawili wa juu wakaachia nafasi zao. Habari zikasambaa mitandaoni, wateja wakakimbilia kutoa pesa, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ya Kenya ikaiweka benki hiyo chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyokwama. Ilifungua milango tena tarehe 27 mwezi huohuo, ikisimamiwa na benki nyingine, KCB.

Wakati ule lawama nyingi zilielekezwa kwa mitandao ya kijamii. Mimi naona hilo ni nusu ya ukweli. Ugonjwa ulikuwa kwenye vitabu vya hesabu, na hakuna taarifa kwa vyombo vya habari inayotibu ugonjwa wa aina hiyo. Lakini watu hawakukurupuka tu. Agosti 2015 Dubai Bank ya hukohuko Kenya ilikuwa imefungwa, Oktoba ikafuata Imperial Bank. Mwenye akiba alikuwa ameshaona majirani zake wakizuiwa nje ya geti. Mtu wa namna hiyo ukimwekea hesabu mbili zinazopingana bila kumweleza kwa lugha yake kilichotokea, tafsiri ataipata kwenye kundi la WhatsApp. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Benki yoyote iliyokuwa ikifanya kazi Nairobi mwaka ule ilipaswa kujua inazungumza na watu walioungua tayari.

Lugha nayo. Bado tunaandika matangazo ya Kiingereza kizito kwa wateja wanaoishi kwa Kiswahili, halafu tunayatafsiri saa za usiku. Hata ya Kiswahili yamejaa maneno ya kujificha: "katika jitihada za kuboresha huduma", "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza". Usumbufu wowote! Mtu ameshindwa kulipia dawa kwa sababu mfumo umehamishwa, na usumbufu wake umeitwa wowote. Andika hivi: Jumamosi usiku kuanzia saa nne hadi Jumapili saa kumi na mbili asubuhi hutaweza kutoa wala kutuma pesa, kwa hiyo toa mapema unachohitaji. Mtu atakasirika kidogo, lakini atajipanga.

Na kuna wafanyakazi wenyewe. Kupunguza watu kazini kunachukuliwa kama siri ya menejimenti na wanasheria mpaka siku ya barua. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema pale tu anapokusudia kupunguza wafanyakazi, atoe maelezo yote yanayohusika, na ashauriane nao kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, namna watakavyochaguliwa watakaoondoka, muda, na malipo. Kenya nako Sheria ya Ajira ya 2007 inadai notisi ya angalau mwezi mmoja. Bunge limeshaandika mpango wa mawasiliano bure, na bado kuna ofisi ambako watu wanajua hatima yao kwa picha ya barua iliyovuja. Wanaobaki huwa wameona jinsi wenzao walivyoagwa. Halafu wiki ijayo hao ndio tunaowapa fulana mpya na kuwaambia watabasamu mbele ya wateja.

Nikiitwa kusaidia kampuni inayobadilika naomba kitu kimoja kabla ya vingine vyote: ukurasa mmoja wa majibu kwa watu wa kaunta, mawakala na wapokea simu. Nini kinabadilika, nini hakibadiliki, lini, na pesa au kazi ya mtu iko wapi. Pawepo pia ruhusa ya kusema "hilo sijajua, nitakupigia kesho", na namba ya bosi atakayepokea simu kweli. Ukurasa huo uandikwe kabla ya hotuba ya mkurugenzi, upelekwe tawini angalau siku tatu kabla ya tangazo, na usomwe kwa sauti na mtu wa kaunta mwenyewe. Sentensi atakayokwama nayo ifutwe, iandikwe upya hapohapo kwa maneno yake.