Tabuleti zimefungiwa stoo, mtoto yuko mtandaoni

Mwaka 2013 Wakenya waliahidiwa kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule ya umma angepewa kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ikavurugika, mpango ukageuzwa, na 2016 zikaanza kufika tabuleti kupitia vyuo vikuu vya JKUAT na Moi pamoja na washirika wao. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa. Leo ukiuliza vilipo, si ajabu kuonyeshwa mlango wa chuma wa stoo: vimo humo, vingine betri zimekufa, vingine havijawashwa tangu mwalimu aliyepata mafunzo apewe uhamisho.

Kwa historia hiyo, mtu akisema watoto wa shule ya msingi wafundishwe kompyuta na usalama mtandaoni, wazazi huguna kabla hajamaliza sentensi. Lakini wanaotaka somo hilo wana hoja nzito. Mtaala wa umilisi (CBC) wenyewe umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kuandika programu iliyoandaliwa na kampuni ya Kodris Africa. England ilianza zamani: tangu Septemba 2014 mtoto wa miaka mitano hujifunza kompyuta darasani, na katika somo hilohilo huambiwa asitoe habari zake binafsi na amwendee nani akiona jambo la kumtia hofu.

Hoja ninayoiona bora zaidi katika upande huu ni nyingine, wala haihusu ajira za kesho zinazotajwa kila mara. Mtoto aliyewahi kuandika programu, hata ya mistari mitano inayomsogeza paka kwenye skrini, anajua kwamba mashine hufanya ilichoagizwa na mtu. Ujumbe wa "Hongera, umeshinda!" ukitokea, yeye ana uwezekano wa kujiuliza nani kauandika na anataka nini. Vivyo hivyo video zinazofuatana bila kikomo: hazikuja zenyewe, kuna aliyezipanga zimshike hapo. Ufahamu huo hauletwi na orodha ya makatazo iliyobandikwa ukutani.

Upande wa pili nao haubezeki. Tathmini za shirika la Usawa Agenda zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa Gredi ya 4 hawawezi kusoma kisawasawa hadithi ya Gredi ya 3. Mwalimu mwenye watoto sabini, madawati ya kubanana na umeme wa kukatikakatika, ukimwongezea somo la kompyuta umemwongezea nini hasa? Sweden, isiyokosa umeme wala fedha, ilianza 2023 kurudisha vitabu vya karatasi kwa watoto wadogo, na mwaka huohuo ripoti ya elimu ya UNESCO ikaonya kwamba teknolojia iingie darasani pale tu inapomfaa mwanafunzi. Zaidi ya hayo, hata waliotaka somo hili wameshindwa kulilinda: ngazi ya sekondari ya msingi ilipopunguziwa masomo, kompyuta ilimezwa ndani ya somo la ufundi wa awali, Pre-Technical Studies.

Mimi naegemea upande wa pili kuhusu kompyuta, na naukataa kabisa kuhusu usalama. Kosa la mjadala wetu ni kuyafunga mambo haya mawili kamba moja, hivi kwamba usalama unangoja tabuleti. Mtoto mwenyewe hakungoja. Ana simu ya mama. Shule ndiyo iliyomkabidhi, maana kazi ya ziada hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na asiye na simu janja hukimbilia saiba kuprinti. Kazi ikiisha simu hairudi kwa mama papo hapo. Kuna TikTok, kuna mchezo wa Free Fire.

Humo ndimo hutokea ujumbe kama huu: "Niaje, uko class gani? Nikutumie diamonds?" Diamonds ni almasi za mchezo, zinazonunuliwa kwa pesa halisi, na kwa mtoto wa miaka kumi hiyo ni zawadi ya maana. Ujumbe wa pili utataka jina la shule. Wa tatu utataka picha, kisha aambiwe asimwonyeshe mtu. Kuyafundisha hayo kunataka ubao na chaki: mwalimu aandike ujumbe wa kwanza, watoto wabishane wangejibu nini, aandike wa pili. Aulize pia ni nani anayejua PIN ya M-Pesa ya mama. Mikono itakayoinuka itamtosha kwa somo la wiki nzima. Kipindi cha PPI, cha dini na malezi, kipo kila wiki kwenye ratiba, na kingeweza kubeba haya bila kuongeza hata somo moja.

Wapo wazazi wanaosema kuwatajia watoto mambo hayo ni kuwafungua macho. Ningewaelewa kama macho yangekuwa bado yamefumba. Wanaonisumbua zaidi ni wakuu wa shule wanaomwambia mtoto asiweke picha zake mtandaoni huku ukurasa wa Facebook wa shule umejaa sura za watoto haohao, na sare zenye nembo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nadhani faini hiyo ilifundisha usalama mtandaoni kuliko semina nyingi.

Kuna pingamizi moja tu ambalo sijapata jibu lake jepesi. Utafiti wa Disrupting Harm uliofanywa Kenya na UNICEF, ECPAT (mtandao wa kupinga unyanyasaji wa kingono wa watoto) na INTERPOL ulibaini kwamba watoto waliodhulumiwa mtandaoni ni wachache mno waliopiga simu ya msaada au kwenda polisi. Somo likifundishwa vizuri, watoto watasema. Watamwambia nani? Mwalimu wa darasa. Na pengine anayetajwa si mgeni wa mtandaoni, ni mjomba, au mwalimu mwenzake. Nambari ya 116 ya simu ya msaada kwa watoto ipo na haina malipo, na Sheria ya Watoto ya 2022 imezitaja dhuluma za mtandaoni, lakini mwalimu wa Kwale au Turkana ambaye hajawahi kuelekezwa afanye nini ataishia kumwita mzazi ofisini na kuomba simu ifichwe. Kwa hiyo fedha zikipatikana, kabla ya kununua hata tabuleti moja nyingine, ningeanza na siku chache za mafunzo kwa mwalimu mmoja wa kila shule: apokeeje habari ya mtoto, asifute nini kwenye simu, na ampigie nani siku hiyohiyo.