Sere: dawa ukingoni, adui kwenye maharagwe

Mwezi wa Juni, mama akirudi kutoka shambani hukaa barazani, hutandaza pindo la gauni lake la gomesi magotini na kuanza kunyofoa vijimbegu vyeusi kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo sere, ambayo Waswahili huiita kishonanguo. Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu kwenye ncha, na miiba hiyo ina vindoano vidogo. Ikishashika nguo, haitoki kwa kukung'uta.

Hapa kwetu Busia watu wamegawanyika. Kuna wanaotaka sere imalizwe kila inapoota, na siku hizi wengi wao wanapulizia dawa ya kuua magugu. Wengine wanasema iachwe, ni dawa.

Wanaoitetea hawasemi uongo. Nilipokuwa mdogo nilijikata mguu kwa panga. Nyanya alichuma majani machanga, akayafikicha viganjani mpaka yakatoa maji ya kijani, akayakamulia juu ya kidonda. Yaliwasha vibaya, lakini damu ilikatika. Sungura na mbuzi huipenda, na majani yake machanga huchemshwa yakawa mboga wakati mboga nyingine zimeadimika. Hata Brazili, mwaka 2009, wizara ya afya iliiweka kwenye orodha ya mimea 71 ya dawa inayofaa kutafitiwa kwa ajili ya hospitali za umma.

Lakini kutoka kwenye orodha ya utafiti mpaka kwenye kikombe cha mgonjwa ni mbali. Mengi yanayosemwa kuhusu sere na malaria au kisukari yanatokana na majaribio ya maabara na ya panya. Kukamulia jani kwenye jeraha dogo ni jambo moja. Kumnywesha sere mtoto mwenye homa kwa siku tatu bila kumpima malaria ni jambo jingine kabisa, na hapo sina huruma na mtetezi yeyote.

Tuje shambani, maana huko ndiko uzito ulipo. Mmea mmoja wa sere unaweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000. Maharagwe yana haraka: palizi ya kwanza inatakiwa wiki mbili au tatu baada ya kuota, ya pili kabla hayajachanua. Ukichelewa mpaka yachanue, jembe lako lenyewe linapukutisha maua, na ukiacha, sere inayapita kimo na kuyanyima mwanga. Hakuna nafasi ya kuihurumia kwenye mistari hiyo. Na anayeinama kuipalilia, mara nyingi sana, ni mwanamke, mtoto mgongoni. Nimegundua kwamba wengi wanaoniambia "iacheni, ina faida" hawajashika jembe msimu huu.

Wapuliziaji nao nina neno nao. Sumu haiishii kwenye mistari ya maharagwe. Wanapiga mpaka ukingoni na kando ya njia, palepale watoto wanapokata majani ya sungura na wazee wanapochuma ya kidonda. Siku ile ile ya kupulizia, jani bado ni bichi na halijaonyesha dalili yoyote. Atakayelichuma atajuaje? Kama ni lazima kupulizia, basi jirani aambiwe mapema.

Mimi naona ugomvi huu unaamuliwa na mahali na wiki. Sere changa iliyong'olewa kabla ya kuchanua ni chakula cha mifugo. Ile ile, ikiachwa mpaka vichwa vyake viwe vyeusi, ni kazi ya misimu kadhaa, kwa sababu mbegu hazioti zote pamoja; nyingine hulala ardhini zikingojea jembe lizifukue.

Mwaka huu mama ameacha kipande nyuma ya banda la sungura, hatua sita hivi kwa nne. Anakikata kila kinapoanza kutoa maua ya njano. Upande wa maharagwe anang'oa zote, hata iliyo na majani mawili tu.