Bega huumia mkono unapofunga breki

Kijana akirusha mkuki, watu wote huufuata mkuki kwa macho. Mimi hubaki nautazama mkono uliourusha. Mkuki umeshaondoka, lakini mkono bado una kasi, na lazima kitu kiusimamishe.

Kazi hiyo huangukia misuli midogo ya nyuma ya bega. Kikombe cha kiungo hiki hakina kina kirefu, na kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kikombe chenyewe, kwa hiyo hutegemea misuli minne na kano zake kukishika mahali pake. Sasa fikiria mrushaji wa besiboli wa kulipwa: mkono wake huzunguka kwa kasi ya karibu nyuzi 7,000 kwa sekunde. Kama mkono huo ungeweza kukamilisha duara, ungezunguka mara 19 kabla sekunde haijaisha! Misuli ya nyuma huuzuia huku yenyewe ikivutwa, na kano huchakaa kidogo kidogo. Hata kabla ya hapo, mkono ukiwa umepindwa nyuma kabisa, kano hubanwa kati ya mfupa na ukingo wa kikombe, na gegedo la ukingo huo husokotwa mpaka siku moja linachanika.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na mazoezi ya kujaza kifua na kuusahau mgongo. Unaongeza injini, breki zinabaki zilezile. Tena nguvu ya kurusha huanzia miguuni, ikapanda nyongani na kiunoni. Nyonga ikikakamaa, bega hubebeshwa kazi isiyo yake. Nimeona mchezaji wa mpira wa mikono akikandwa bega wiki nzima, na hakuna aliyemuuliza kuhusu goti lililokuwa likimfanya achechemee.

Kinachoniuma zaidi ni watoto, ambao mfupa wao karibu na bega bado una sehemu laini inayokua, na sehemu hiyo inaweza kuumizwa kwa kurusha kupita kiasi. Marekani, mwongozo wa besiboli ya watoto na vijana uitwao Pitch Smart unataka mrushaji wa miaka 9 au 10 asizidi mipira 75 kwa siku katika mechi. Kwenye mkuki, voliboli na mpira wa mikono, ni makocha wangapi wanaohesabu? Naomba kila kocha wa watoto awe na daftari la kuhesabia. Na mtoto akisema bega linauma, apumzishwe siku hiyohiyo, asiulizwe kama anaweza kuvumilia.