Neno "subirini" katika barua ya Birmingham

Ijumaa Kuu ya tarehe 12 Aprili 1963, Mchungaji Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za Weusi nchini Marekani, alikamatwa mjini Birmingham, Alabama, kwa kuandamana dhidi ya ubaguzi wa rangi kinyume cha amri ya mahakama. Akiwa mahabusu alilipata gazeti lenye tamko la viongozi wanane wa dini, wote weupe, waliosema kuwa maandamano hayo hayakuwa ya busara na yalikuja wakati usiofaa, wakawataka Weusi wadai haki zao mahakamani na kwa mazungumzo. King alianza kuwajibu pembezoni mwa gazeti hilohilo, na jibu hilo ndilo barua ya Birmingham. Hadi leo watu hubishana: je, ufundi wa barua ile ulifanya kazi yoyote, au ulikuwa pambo tu juu ya mapambano yaliyoamuliwa barabarani?

King anazichukua shutuma moja baada ya nyingine. Anaeleza kwa nini yuko Birmingham, kisha anataja hatua nne za kampeni yao: kukusanya ukweli, kujadiliana, kujitakasa, na hatimaye kuingia barabarani. Msomaji anayempinga hana pa kutorokea, kwa kuwa hoja yake imetajwa kwa adabu kabla ya kujibiwa. Ndipo linapofika neno "subirini", ambalo Weusi waliambiwa kwa miaka mingi. Mwandishi aliyekuwa akizipima sentensi zake kwa utulivu anaachia sentensi moja ya maneno yapatayo 300, na ndani yake yumo binti yake wa miaka sita, anayeuliza kwa nini hawezi kwenda kwenye bustani ya michezo iliyotangazwa kwenye televisheni, na baba anayepatwa na kigugumizi akitafuta jibu. Kauli kuu, kwamba hapo ndipo mtakapoelewa kwa nini kusubiri ni kugumu, inacheleweshwa hadi mwisho, hivyo msomaji naye amesubirishwa. Sisi tuliolelewa kwa "subira huvuta heri" tunaguswa pabaya hapo, na ni vyema tuguswe. Bila utaratibu uliotangulia, sentensi hiyo ingesikika kama kelele za mtu mwenye hasira.

Wanaosema barua ilikuwa pambo tu wana hoja nzito. Tarehe 2 Mei watoto wa shule waliingia barabarani. Siku zilizofuata walikabiliwa na mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto, na picha zikaenea duniani. Makubaliano ya kuanza kuondoa ubaguzi mjini yalitangazwa tarehe 10 Mei, kabla wengi hawajaisoma barua. Hilo ni kweli, lakini naona barua ilikuwa na kazi nyingine: kumnyang'anya mtu wa msimamo wa wastani kisingizio chake, na hilo picha peke yake haiwezi.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine. Wale wanane walikuwa wametia saini, Januari mwaka huohuo, wito wa kuheshimu amri za mahakama dhidi ya utengano wa rangi. King mwenyewe anampongeza mmoja wao kwa kuwapokea Weusi ibadani. Hata hivyo nguvu ya lugha yake imewafanya wote wakumbukwe kama uso mmoja usio na jina. Nakiri kwamba hapo walionewa. Lakini tamko lao liliwasifu polisi kwa utulivu wao, na King, karibu na mwisho wa barua, anasema ana shaka kama wangewasifu hivyo iwapo wangewaona mbwa wa polisi wakizamisha meno kwenye miili ya watu wasio na silaha.