Kovu la Onesimus na hesabu za Boston

Mwaka 1716 Cotton Mather, mchungaji wa Boston, aliiandikia barua Jumuiya ya Kifalme ya London, chama cha wanasayansi ambacho kila msomi wa enzi hiyo alitamani kikubali kazi yake. Alikuwa amesoma ripoti ya tabibu Emanuel Timonius kuhusu namna watu wa Istanbul walivyojikinga na ndui, naye akaeleza kwamba jambo hilo alishalisikia nyumbani kwake. Aliyemwambia ni Onesimus, Mwafrika ambaye waumini wa kanisa lake walimnunua mwaka 1706 wakampa awe mtumwa wake. Mather alimuuliza kama aliwahi kuugua ndui. Akajibu ndiyo na hapana: kwao alichanjwa, akatiwa kidogo cha ugonjwa wenyewe, na tangu hapo ndui haimpati tena. Kisha akamwonyesha kovu mkononi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Neno letu chanjo limetokana na kuchanja, kukata ngozi, na ndicho alichofanyiwa Onesimus.

Wanahistoria wa Zama za Mwangaza, yaani karne ya 18 ambayo wasomi wa Ulaya na makoloni yake waliinadi kuwa karne ya akili na ushahidi, hawakubaliani kuhusu uzito wa kovu hilo. Kwa muda mrefu habari ya kinga ya ndui ilisimuliwa kama ushindi wa sayansi dhidi ya hofu na ushirikina, na Onesimus akatajwa kwa sentensi moja au asitajwe kabisa. Siku hizi simulizi imegeuka: inasemwa kwamba Ulaya ilichukua maarifa ya Waafrika na ya wanawake waliokuwa wakichanja watu katika milki ya Waturuki, iliyotawaliwa kutoka Istanbul, ikayatia muhuri wake. Pande zote mbili zina ushahidi, na ni haki kuupima kwanza.

Aprili 1721 meli iliyotoka visiwa vya Karibi ilileta ndui Boston, mji wa watu wapatao 11,000. Mather aliwaandikia matabibu akiwasihi wajaribu kuchanja. Aliyekubali ni mmoja tu, Zabdiel Boylston. Tarehe 26 Juni alimchanja mwanawe Thomas wa miaka 6, na pamoja naye watumwa wake wawili, mwanamume mtu mzima na mtoto wa miaka miwili na nusu. Mji ukachafuka. Mwezi Novemba mtu alirusha bomu kupitia dirisha la nyumba ya Mather. Kwa bahati halikulipuka.

Mpinzani mkuu hakuwa mjinga. William Douglass ndiye tabibu pekee mjini aliyekuwa na shahada ya udaktari. Alisema aliyechanjwa anaweza kuwaambukiza wengine, na hilo ni kweli, kwa sababu alitiwa ndui halisi. Alisema pia kwamba haifai kuhatarisha mtu mzima wa afya kwa jambo ambalo halijathibitishwa. Hoja hizo mbili ningezisikiliza hata leo. Ya tatu ndiyo iliyomharibia: aliwadhihaki Waafrika walioulizwa habari ya chanjo, akiwaona ni watu ambao neno lao halifai kuaminiwa.

Mwishowe zikaja hesabu. Kati ya watu karibu 6,000 waliougua ndui kwa njia ya kawaida, walikufa 844, takriban mmoja katika kila saba. Kati ya watu wapatao 240 aliowachanja Boylston, walikufa 6, takriban mmoja katika arobaini. Huko London, James Jurin, katibu wa Jumuiya ya Kifalme, akaanza kukusanya taarifa kama hizo kwa barua kutoka sehemu mbalimbali za Uingereza, na uwiano wake ulielekea kulekule.

Hapa ndipo wanaoitetea simulizi ya zamani wana haki yao, na sitaki kuwapokonya. Kovu la mtu mmoja humshawishi anayeliona. Safu mbili za tarakimu, waliochanjwa na wasiochanjwa, zinaweza kumshawishi mtu wa mbali asiyemjua Boylston wala Onesimus, na zinaweza kukosolewa pia. Makundi yale mawili hayakufanana kwa kila hali, na leo mtafiti asingeridhika nayo. Lakini kuweka vifo vya njia mbili upande kwa upande, kisha kuvitangaza ili adui avikague, ulikuwa mchango wa kweli wa watu wa zama zile.

Hata hivyo, hesabu haianzi mpaka mtu aone kuna jambo la kuhesabu. Mwanahistoria wa sayansi Steven Shapin alionyesha, katika utafiti wake wa mwaka 1994 kuhusu sayansi ya Uingereza ya karne ya 17, kwamba neno la muungwana lilipokewa kama ushahidi kwa sababu ya uungwana wenyewe. Kiswahili cha pwani kinalijua vizuri jambo hilo, maana kwetu kinyume cha muungwana kilikuwa mtumwa. Maneno ya Onesimus yalifika London kwa sababu mchungaji aliyadhamini. Mwanahistoria Eugenia Herbert naye, mwaka 1975, alikusanya ushahidi wa uchanjaji wa ndui katika sehemu nyingi za Afrika, kwa hiyo haiwezekani tena kulichukulia kovu lile kama kioja cha mtu mmoja. Yalikuwa maarifa ya jamii, yenye mafundi na kanuni zake.

Mimi naegemea upande huu wa pili, ila sipendi unapomgeuza Onesimus kuwa mwanasayansi aliyeibiwa ugunduzi. Hakudai kugundua kitu. Alieleza alichofanyiwa kwao, kwa uhakika wa mtu anayejua. Na simulizi zote mbili humpita haraka yule mtoto wa miaka miwili na nusu. Thomas alikuwa na baba aliyemwamulia kwa mapenzi na woga. Yule mtoto mtumwa aliamuliwa na mmiliki wake, akajaribiwa siku ya kwanza kabisa, kabla hajajulikana atakayepona. Kwangu mimi, historia ya Mwangaza inayomwacha nje haijakamilika, hata kama tarakimu zake zote ni sahihi.

Onesimus mwenyewe alipata nusu ya uhuru mwaka uleule wa barua, 1716. Alitoa fedha za kusaidia kununua mtumwa mwingine wa kushika nafasi yake, na bado akatakiwa kuja kuisaidia familia ya Mather kila itakapomhitaji. Jina alilokuwa akiitwa nalo lilitoka katika Waraka wa Paulo kwa Filemoni, ni lile la mtumwa Onesimo, na kwa Kigiriki maana yake ni mwenye kufaa. Jina alilopewa na wazazi wake halimo katika barua iliyokwenda London.