Garnieriti: jina moja, madini mengi

Mwaka 1864 mhandisi wa Kifaransa, Jules Garnier, aligundua nikeli katika mawe ya kijani ya Kaledonia Mpya, kisiwa cha Pasifiki ambacho Ufaransa ilikitwaa mwaka 1853. Miaka kumi baadaye, mjini Sydney, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa pia mwanajiolojia, William Branwhite Clarke, akalipa jiwe hilo jina la Garnier. Archibald Liversidge, mwanakemia wa mji huohuo, yeye aliliita noumeiti, kutokana na mji wa Nouméa. Lililoshika ni la Clarke.

Leo garnieriti iko midomoni mwa kila anayeshughulika na nikeli ya nchi za joto. Lakini fungua orodha ya madini yanayotambuliwa na jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa madini, IMA, na hutalikuta jina hilo. Kwa IMA garnieriti si aina ya madini, ni jina la kazini linalobeba mchanganyiko wa silikati (madini yaliyojengwa kwa silika) za kijani zenye nikeli, magnesiamu na maji. Je, jina hili litupwe au libaki? Kwa juu huonekana ugomvi wa wasomi wa maabara. Mimi naona ndani yake mna fedha, umeme na hata roho za watu, na Afrika Mashariki tunahusika kuliko tunavyodhani.

Kwanza jiwe lenyewe. Hukutwa likiwa mishipa, utando au vipande vinavyojaza nyufa za mwamba. Rangi yake huanzia kijani cha embe bichi hadi kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa. Kijani hicho ni kazi ya nikeli: ikiwa imezungukwa na oksijeni sita ndani ya fuwele, humeza nuru nyekundu na ya zambarau, kinachobaki kutufikia machoni ni kijani. Si jiwe gumu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs hucheza kati ya 2 na 3.5, kisu hulikwaruza bila shida, na baadhi ya vipande ni tifutifu kama udongo mkavu. Mtu wa Kolwezi au Lubumbashi, kule Kongo, akipewa anaweza kusema hii malakiti, kwani huko jiwe la kijani maana yake ni shaba. Kuzitofautisha si kazi kubwa. Malakiti ina uzito unaokaribia mara nne ya maji, garnieriti haifiki mara tatu; na tone la asidi hidrokloriki huifanya malakiti itoe povu, garnieriti ikabaki kimya.

Linavyotokea ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Mwanzo ni peridotiti, mwamba mzito kutoka chini ya ganda la dunia, ambao kwenye Kaledonia Mpya ulisukumwa juu hadi ukafunika karibu theluthi moja ya kisiwa kikuu. Peridotiti imejaa olivini, madini ya magnesiamu, chuma na silika, na olivini ina nikeli kidogo sana, kama sehemu tatu katika kila elfu. Hakuna mfanyabiashara wa kuigusa. Kisha inakuja mvua ya kitropiki, mamilioni ya miaka ya mvua. Maji yenye asidi hafifu huyeyusha olivini. Chuma hubaki juu kikawa udongo mwekundu, ule tunaoujua kwa jina la lateriti. Magnesiamu na silika huchukuliwa na maji. Nikeli hushuka nayo, lakini haifiki mbali: chini, pale mwamba ulipooza nusu tu na bado una umbo lake, tabaka liitwalo saproliti, inakutana na maji yenye magnesiamu na silika tele, na hapo inatua. Chembe ya nikeli na ya magnesiamu zinakaribiana mno kwa ukubwa, hivyo nikeli huikalia magnesiamu kiti chake bila kubomoa nyumba. Tabaka hilo hufikia asilimia 2 ya nikeli au zaidi, mara kumi ya kile mwamba ulichokuwa nacho.

Neno kiti ndilo linalozaa mzozo, maana viti viko kwenye nyumba za namna mbili. Nikeli ikikaa kwenye jengo la aina ya sepentini, matabaka ya fuwele huwa yameachana kwa takriban nanomita 0.7 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na mwisho wa ngazi hiyo, pale nikeli inapokalia viti vyote vya magnesiamu, ni nepouiti, yenye hadi asilimia 46 ya nikeli. Ikikaa kwenye jengo la aina ya talki, matabaka huachana kwa karibu nanomita 1, silika ni nyingi zaidi, na mwisho wa ngazi ni wilemseiti, yenye asilimia 36 hivi. Kati ya mwanzo na mwisho wa kila ngazi magnesiamu na nikeli hugawana viti kwa uwiano wowote ule. Zaidi ya hapo, nyumba hizo mbili hukua zikiwa zimesukana ndani ya kipande kimoja, kwa vipimo visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida.

Kwa hiyo wanaotaka jina litupwe wana hoja nzito. Aina ya madini lazima iwe na kemia inayojulikana na mpangilio mmoja wa fuwele, na garnieriti haina hata kimoja. Mtu akikwambia sampuli yake ni garnieriti, hajakwambia kama ina asilimia 5 ya nikeli au 30. Hajakwambia silika ni kiasi gani, wala maji yatatoka kwa joto lipi. Tena jina linavuta macho kwenye kijani, na kijani kina hila. Mara nyingi kinakolea kadiri nikeli inavyozidi, lakini chuma kidogo kikichanganyika rangi huenda kwenye njano au kahawia, na jiwe tajiri likaonekana la kutupwa. Kubwa kuliko yote, katika machimbo mengi ya saproliti sehemu kubwa ya nikeli haimo kwenye mishipa ya kijani inayopigwa picha. Imo kwenye sepentini iliyopauka, mwili wa kawaida wa mwamba uliooza, usio na mvuto wowote. Anayefuata kijani peke yake anafuata kitoweo na kuacha ugali.

Hoja ya upande wa pili hutoka kwa watu wanaoshinda juani, na siidharau. Mwanajiolojia aliye mlimani ana nyundo, lenzi ya mkononi na daftari. Hawezi kuona nanomita 0.7. Akiandika garnieriti, amesema jambo la kweli na la manufaa: hapa pana silikati laini ya kijani yenye nikeli, nyufa zimejazwa, tumefika saproliti. Akilazimishwa kutaja nepouiti au wilemseiti bila eksirei ya fuwele, ama atakaa kimya ama atabahatisha, na kubahatisha kwa jina la kitaalamu ni kubaya kuliko kusema ukweli kwa jina la jumla. Boksiti, mawe ya alumini, nayo si aina moja ya madini, limoniti ya chuma vilevile, na hakuna aliyependekeza viwanda vya alumini viache kutamka boksiti. Wanaongeza jambo ambalo kwangu lina nguvu zaidi: mchanganyiko huo ndio ukweli wenyewe wa asili. Nepouiti safi ni adimu. Kuligawa jiwe katika majina mawili kwenye karatasi hakulifanyi ligawanyike mkononi.

Mpaka hapo ningesema wamefungana. Kinachonifanya niegemee upande ni kile kinachofuata jiwe likitoka shimoni.

Watanzania wengi tulijifunza neno makinikia mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa dhahabu na shaba kwenda nje. Makinikia hupatikana kwa kusaga mwamba, kuuchanganya na maji na dawa, kisha kupuliza hewa: chembe za madini ya salfaidi, yale ambamo metali imeungana na salfa, hushika mapovu na kuelea, mawe matupu yanazama. Nikeli ya Kabanga, kule Ngara, ni ya salfaidi, yenye kiwango cha karibu asilimia 2, na inakubali njia hiyo. Garnieriti haikubali. Nikeli yake haikukaa kwenye punje iliyojitenga; imefumwa ndani ya silikati yenyewe, kila chembe imezungukwa na silika na magnesiamu. Usage uwezavyo, hakuna cha kuelea. Ukitaka nikeli hiyo lazima ulivunje jengo zima, na kwa saproliti maana yake ni kukausha, kuchoma, kisha kuyeyusha kwenye tanuru la umeme kwa nyuzi joto zinazozidi 1,500 za Selsiasi. Katika kila tani mia za mzigo mkavu wenye kiwango cha asilimia 2, umeyeyusha takriban tani tisini na kitu za jiwe ili upate mbili za nikeli. Asidi ya sulfuriki hutumika pia, lakini zaidi kwa ule udongo mwekundu wa juu, maana magnesiamu ya saproliti huinywa asidi ikaimaliza.

Sasa tazama ramani. Kabanga na Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi, ziko kwenye mkanda mmoja wa miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 1,375. Kabanga, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipopanda ilichukua salfa kutoka kwenye miamba iliyoizunguka, nikeli ikaungana na salfa. Musongati nikeli ilibaki kwenye olivini, mvua ikafanya kazi yake, na leo ni nikeli ya lateriti. Ndugu wa mama mmoja, lakini wanataka malezi tofauti kabisa. Hata hivyo kwenye mazungumzo ya siasa na vyombo vya habari zote mbili zinaitwa nikeli tu, zinapangwa pamoja kwa tani, na mwananchi anaahidiwa kiwanda kana kwamba tani zinafanana. Hazifanani. Ya kwanza inauliza tutayachenjua wapi makinikia. Ya pili inauliza umeme uko wapi, tangu siku ya kwanza.

Inawezekana kukwepa swali la umeme kwa kuuza udongo mbichi nje. Indonesia ilifanya hivyo kwa miaka mingi. Lakini mzigo huo una maji mengi, na melini mtikisiko wa mawimbi huweza kuugeuza uji, ukahamia upande mmoja na kupindua chombo. Mwishoni mwa mwaka 2010 meli tatu zilizobeba nikeli ya Indonesia kwenda China, Jian Fu Star, Nasco Diamond na Hong Wei, zilizama ndani ya wiki chache, na mabaharia 44 wakafa. Maji yaliyoandikwa kwenye ripoti ya maabara kama tarakimu moja ndogo yalikuwa suala la kufa na kupona. Ndiyo maana sikubali kwamba kuuliza "ni garnieriti ya namna gani, na ina maji kiasi gani" ni anasa ya wasomi.

Januari 2020 Indonesia ilifunga usafirishaji wa udongo huo na kulazimisha uyeyushwaji ufanyike nyumbani. Leo zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani hutoka huko. Ni mafanikio, siwezi kuyakana, ila matanuru hayo yanaendeshwa kwa sehemu kubwa na makaa ya mawe. Kaledonia Mpya, yenye jiwe lilelile na kiwanda cha Doniambo kinachofanya kazi tangu 1910, imeumizwa na gharama ya nishati, na mwaka 2024 matanuru ya Koniambo, kaskazini mwa kisiwa, yalizimwa. Jiwe zuri halikuwaokoa.

Basi msimamo wangu: jina libaki kwenye daftari la mlimani, lisiingie kwenye mkataba. Ripoti inayowekwa mezani kwa serikali au mwekezaji ikisema garnieriti na kunyamaza, irudishwe. Iseme ni sepentini kiasi gani na talki kiasi gani, uwiano wa silika kwa magnesiamu ni upi, kwa sababu uwiano huo ndio unaoamua takamavi, yaani mabaki ya jiwe yanayotengana na nikeli tanuruni, itayeyuka kwa joto gani na kuta za tanuru zitadumu muda gani. Wanaotetea jina kwa sababu za mlimani wako sawa huko mlimani tu. Najua vipimo vya eksirei ni ghali kwa mtafiti mdogo. Lakini ni senti ukilinganisha na tanuru lililojengwa kwa jiwe lisilofaa.

Kuna mahali petu ambapo mzani wote huu unageuka. Kwenye kilima cha Haneti, mkoani Dodoma, mwamba wa sepentini uliooza uliruhusu nikeli iingie kwenye silika iliyokuwa ikijaza nyufa, ikazaa krisopresi, kito cha kijani ambacho kisu hakikikwaruzi, maana ugumu wake unakaribia 7. Nikeli iliyomo ni haba, imetawanyika kama chembechembe za silikati zilezile za jamii ya garnieriti ndani ya kalsedoni, yaani silika yenye chembe laini mno. Kama viwanda vya chuma cha pua, vinavyonunua nikeli, vingekuwa ndivyo mteja wake, kilima kizima kisingetosha kulipa dizeli. Lakini sonara hanunui asilimia ya nikeli, ananunua kijani. Pale jicho la mchimbaji, lililokosea saproliti kwa kufuata rangi, ndilo kipimo sahihi. Na hata hapo maji yana neno lao: krisopresi ikiachwa muda mrefu kwenye jua kali au ikipashwa moto na fundi, silikati hizo hukauka na kijani kikaanza kupauka, kwa hiyo wanaoijua huifungia mbali na dirisha.